Kusomea watoto kitabu cha picha kila siku ni somo, si mchezo

Katika madarasa mengi ya mwaka wa kwanza, kutoka Bunia mpaka Kalemie, asubuhi inaanza kwa namna moja. Mwalimu anaandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu. Anagonga kila silabi kwa fimbo, na darasa zima linaitika. Sauti inafika mpaka barabarani, na mzazi anayepita na mzigo wake wa sokoni anafurahi kusikia kwamba watoto wanasoma. Kiisha mwalimu anafuta, anaandika neno ambalo halikuimbwa, anaita mtoto mmoja mbele, na kimya kinaingia.

Waalimu wa shule za msingi wanakifahamu vizuri kimya hicho. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo watoto 97 kwa 100 wanafika umri wa miaka 10 bila kuweza kusoma andiko fupi na rahisi na kulielewa. Karibu wote, kwa maneno mengine. Kati yao kuna wengi ambao wamekaa kwenye benchi miaka mitatu au mine, wamejaza madaftari, wamepita kutoka darasa moja kwenda lingine, na kesho watakutana na mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ulioandikwa kwa Kifaransa.

Sababu za hali hiyo zimesemwa mara nyingi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, watoto waliingia kwa wingi, lakini vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa mwendo uleule. Waalimu wengi wangali wanafundisha bila mshahara wa serikali, hao wanaoitwa NU. Vita vimefunga shule kadhaa na kugeuza nyingine kuwa makao ya wakimbizi. Kurekebisha hayo yote kunaomba pesa, miaka na amani, na hakuna mwalimu anayeweza kuyarekebisha akiwa peke yake mbele ya darasa lake Jumatatu asubuhi.

Lakini kuna jambo moja linalokosekana ambalo liko mikononi mwa mwalimu huyo. Watoto wanaofundishwa kusoma, wengi wao hawajawahi kusomewa. Wanajua kitabu kama kitu cha kukariri, cha kunakili, au cha kufungiwa katika kabati la direkta. Hawajaona mtu mzima akifungua kitabu, akicheka kwa sababu ya kile kilichoandikwa humo, akirudi nyuma ukurasa mmoja kuangalia tena. Mtoto wa namna hiyo anaambiwa kwamba b na a ni ba, naye anakubali kwa heshima, lakini hajui ba hiyo inampeleka wapi. Ni sawa na kumfundisha mtu kushona kitanzi kimoja kimoja bila kumwonyesha hata mara moja nguo iliyokwisha.

Dawa yake si kubwa. Kila siku, kwa dakika kumi na tano, mwalimu anachukua kitabu cha picha, anakisoma kwa sauti mbele ya darasa, anaonyesha picha, anazungumza na watoto juu yake. Jambo lifanyike kila siku, si Jumamosi tu, na si siku ambayo wageni wa mradi fulani wametembelea shule. Kisiwe pia zawadi kwa darasa lililokaa kimya, kwa maana darasa linalokosa zawadi hiyo ndilo linaloihitaji zaidi. Kiandikwe katika ratiba, kama hesabu inavyoandikwa.

Watu watauliza: hadithi zitafundisha nini ambacho silabi hazifundishi? Jibu la kwanza ni maneno. Kiswahili cha kitabu si kile cha kiwanjani. Mtoto wa Goma au Bukavu anakula bugali na sombe. Kitabu kinasema ugali na kisamvu. Yeye anasema birahi, kitabu kinasema viazi. Yeye anasema «niko naenda», kitabu kinasema «ninakwenda». Tofauti hizo ni ndogo kwa mtu mzima aliyezoea redio na Biblia, lakini kwa mtoto wa miaka sita kila moja ni kizuizi. Akikutana nazo kwa mara ya kwanza siku anapojaribu kusoma peke yake, anapigana vita viwili kwa wakati mmoja: kutamka herufi, na kutafuta maana ya neno ambalo sikio lake halijawahi kupokea. Akiwa amezisikia mara nyingi katika mdomo wa mwalimu, na ameona katika picha kwamba ugali ule ndio bugali wake, vita vinabaki kimoja.

Na wako wale ambao hata Kiswahili cha kiwanjani hawakuzaliwa nacho. Katika vijiji vya Walungu mtoto anafika shuleni na Mashi yake, huko Lubero na Kinande, huko Mwenga na Kirega, huko Masisi na Kihunde au Kinyarwanda. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe katika kufundisha, na hilo ni jambo zuri. Lakini sheria haisemi na mtoto. Picha inasema naye. Mwalimu anasoma kwa Kiswahili, anaonyesha mbuzi aliyekamatwa katika uzio wa shamba, anauliza kwa lugha ya kijiji mbuzi huyo ataponaje. Mtoto ambaye hakuelewa hata nusu ya sentensi anainua mkono, kwa maana mbuzi kwenye uzio anamfahamu kuliko mwalimu. Siku hiyo amesema darasani. Katika zoezi la silabi angaliweza kupita muhula mzima bila kusema chochote ambacho hakikuwekwa kwanza mdomoni mwake.

Haya si maneno ya kubuni tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za vijijini za Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki ambako watoto walizungumza Kifiji au Kihindi nyumbani na kukutana na Kiingereza shuleni. Hali hiyo msomaji wa Kivu anaitambua mara moja. Kila darasa lililochaguliwa lilipewa vitabu 250 vya hadithi vyenye picha. Katika madarasa mengine mwalimu alisoma kwa sauti pamoja na watoto na kuzungumza nao, katika mengine watoto walisoma kimya. Baada ya miezi minane, watoto hao walikuwa wameendelea katika kusoma na kuelewa wanachosikia kwa mwendo wa karibu mara mbili ya kawaida, kuliko wenzao waliobaki na masomo ya zamani ya kurudia sentensi. Ni haki kusema kwamba waliosoma kimya walifaidika pia. Lakini kusoma kimya kunaomba kitabu kwa kila mtoto; kusoma kwa sauti kunaomba kitabu kimoja na mtu mmoja anayejua kusoma. Kati ya njia hizo mbili, shule ya Kongo haina uchaguzi mrefu.

Elley huyohuyo, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1989 juu ya watoto wa New Zealand, alipima maneno mapya ambayo watoto wanapata kwa kusikiliza tu hadithi ikisomwa mara tatu. Bila maelezo yoyote, ujuzi wao wa maneno hayo ulipanda kwa karibu 15 kwa 100. Pale mwalimu alipoeleza neno kwa kifupi, kwa ishara au kwa kuonyesha picha, ulipanda kwa karibu 40 kwa 100. Mambo mawili yanatoka hapo kwa ajili ya mwalimu. Hadithi moja isomwe zaidi ya mara moja. Na neno gumu lielezwe palepale, kwa pumzi moja, bila kugeuza hadithi kuwa somo la kamusi.

Kurudia kunaogopesha waalimu wengi, kwa maana wanafikiri watoto watachoka. Mtu aliyelea mtoto anajua kwamba ni kinyume. Mtoto anaomba kisa kilekile cha sungura na fisi usiku huu na kesho na kesho kutwa, na bibi akiruka neno moja anasahihishwa. Siku ya kwanza darasa linasikiliza kujua nini kitatokea. Siku ya pili linajua, kwa hiyo linaangalia picha na kuona kile ambacho jana kilipita: kuku aliyejificha nyuma ya chungu, mama ambaye uso wake umebadilika. Siku ya tatu sentensi inayorudia katika hadithi inaanza kutoka kwa watoto wenyewe kabla mwalimu hajaifikia. Hapo mwalimu ananyamaza, anaonyesha maneno kwa kidole, na darasa linasoma. Hakika bado linakumbuka zaidi ya kusoma. Lakini kidole kinapita chini ya neno wakati mdomo unalitamka, na mtoto anaanza kutambua kwamba neno refu mdomoni ni refu pia katika karatasi. Ba, be, bi ya asubuhi sasa imepata mahali pa kukaa.

Silabi zisifukuzwe. Mtoto hawezi kukisia kusoma. Lazima afundishwe herufi na sauti zake, na Kiswahili, ambacho karibu kila herufi yake ina sauti moja, kinamsaidia sana katika hilo. Kuna waalimu waliosikia juu ya vitabu vya hadithi katika semina wakarudi wakiacha ubao kabisa. Wamekosea. Kitabu cha picha kinapewa dakika zake, na ubao unabaki na zake.

Sasa lije swali ambalo kila mwalimu anauliza kwanza: kitabu kimoja, watoto 80, nani ataona? Swali ni la haki. Darasa la watoto 80 si jambo la ajabu katika miji ya mashariki, na picha ya ukubwa wa kiganja haifiki benchi la tatu. Huko New Zealand mwalimu Don Holdaway na wenzake walikutana na shida ya namna hiyo, hata kama madarasa yao hayakujaa hivyo. Walitaka mtoto wa darasani apate kile ambacho mtoto anayesomewa kitandani anapata, yaani kuona ukurasa wakati anausikia. Jibu lao, ambalo Holdaway alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979, lilikuwa kuandika upya hadithi katika karatasi kubwa, na picha kubwa, ili darasa zima lisome pamoja.

Kitabu kikubwa cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa Uvira au Butembo bila kungoja mtu. Karatasi za padeksi, zile za semina, zinatosha. Zikikosekana, kuna mifuko ya simenti iliyosafishwa na kugeuzwa upande wa ndani. Hadithi ya sentensi nane inaingia katika kurasa nane. Sentensi inaandikwa chini kwa markere nyeusi, na picha inachorwa juu na yule mwalimu au mwanafunzi wa mwaka wa sita ambaye mkono wake ni mwepesi. Kila shule ina mmoja. Kurasa zinashonwa kwa uzi wa kushonea magunia, juu zinafungwa kwenye fimbo, kitabu kinatundikwa mbele ya ubao. Mtoto wa benchi la mwisho anasoma. Na hadithi haihitaji kutoka mbali: chukudu iliyokataa kupanda mlima, mvuvi wa sambaza aliyerudi na wavu mtupu, msichana aliyepoteza pesa ya chumvi njiani. Visa vya namna hiyo ambavyo babu na bibi wanasimulia jioni, ambavyo vingi havijaandikwa popote, vingepata hapo karatasi yao ya kwanza.

Pale ambapo kitabu ni kidogo na hakuna karatasi kubwa, bado kuna njia. Mwalimu anasoma ukurasa, kiisha anatembea kati ya mabenchi akionyesha picha pande zote kabla ya kugeuza. Inachukua muda, na kelele zitapanda kidogo. Wengine wanagawa darasa mara mbili, nusu inaandika huku nusu nyingine ikikaa chini karibu na mwalimu, na kesho yake wanabadilishana. Njia hizo hazifanani na zile za vitabu vya chuo cha ualimu, lakini zinafanya kazi.

Juu ya vitabu vyenyewe, hali si mbaya kama inavyosemwa. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, unaweka kwenye intaneti mamia ya vitabu vya hadithi vyenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na sheria yake inaruhusu yeyote kupakua, kuchapisha, hata kutafsiri bila kulipa. Mwalimu mwenye simu anaweza kupakua kitabu na kukipeleka kwa wale wa fotokopi. Kwa jirani, Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu mwaka 1991, na vitabu vya Kiswahili vya watoto vinauzwa Dar es Salaam na Nairobi, miji ambayo wafanyabiashara wa Uvira, Goma na Bunia wanaenda kununua vitambaa, simu na vipuri vya pikipiki. Katika makontena hayo yote, boksi moja la vitabu vya watoto halingejaza nafasi kubwa. Ajabu ni kwamba hakuna anayeliagiza, kwa sababu hakuna shule inayoomba.

Wakongo wenyewe hawakukosa wachoraji. Dominique Mwankumi, mzaliwa wa inchi hii, amechora na kuandika vitabu vya picha kama Prince de la rue, kilichotoka mwaka 1999, juu ya watoto wa barabarani wa Kinshasa. Lakini vilichapishwa Paris, kwa Kifaransa, kwa bei ya Paris. Mtoto wa Ufaransa anaweza kuviazima katika maktaba ya mtaa wake. Mtoto wa Kadutu au wa Katindo, ambaye maisha yaliyochorwa humo anayaona akitoka mlangoni, hana nafasi hiyo.

Kuhusu Kifaransa, baadhi ya wazazi watasema kwamba hadithi za Kiswahili ni kumchelewesha mtoto. Wanalipa kwa jasho daftari na sare ili mtoto ajue Kifaransa, na hawataki arudi nyumbani na hadithi ya mbuzi. Wasidharauliwe, wanajua kazi inaombwa kwa lugha gani na barua ya serikali inakuja kwa lugha gani. Lakini mtoto anajifunza mara moja tu katika maisha yake kwamba alama kwenye karatasi zinabeba maana. Akishalijua hilo katika lugha anayoielewa, halijifunzi tena, analihamisha. Akilazimishwa kulitafuta katika lugha asiyoielewa, anaweza kutamka ukurasa mzima wa Kifaransa bila kosa na asijue kama ulizungumza juu ya mvua au juu ya ndege. Wazazi wanaotaka kujua wajaribu wenyewe jioni hii: wamsikilize mtoto asome mistari mitano, kiisha wamuulize kilichosemwa. Na kwa mwaka wa tatu na wa nne, hakuna kinachokataza kitabu cha picha cha Kifaransa kisomwe kwa njia ileile, mazungumzo yakifanyika kwa Kiswahili. Fiji ilifanya hivyo na lugha ya kigeni, na ilifaulu.

Kizuizi kikubwa zaidi hakiko kwa wazazi wala kwa watoto. Kiko katika jurnali ya darasa. Mwalimu wa Kongo anapaswa kuandika kila somo, saa yake na kusudi lake, na fishi ya matayarisho iwe tayari wakati inspekta anapoingia. Inspekta akikuta watoto wamenyamaza, macho yao kwenye picha ya fisi, na katika jurnali hakuna mstari unaoitwa «kusomewa hadithi», mwalimu ataonekana anapoteza wakati. Wengine wanaopenda kusomea watoto wanafanya hivyo kwa kujificha, dakika za mwisho kabla ya kengele, kama mtu anayekula mezani kwa jirani. Wizara ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, na chini yake wakuu wa elimu wa majimbo, wanaweza kuondoa woga huo kwa waraka wa ukurasa mmoja: robo saa kila siku katika miaka minne ya kwanza, iwe na jina lake katika ratiba, inspekta aiangalie na kuihesabu. Shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu na za Kiislamu, ambazo ni sehemu kubwa ya shule za msingi, zina waratibu wao, nao hawahitaji kungoja Kinshasa ili kuanza.

Itasemwa pia kwamba mwalimu asiyelipwa hawezi kuongezewa mzigo. Ni kweli, na hakuna kitabu cha picha kitakachochukua nafasi ya mshahara. Anayetumia hadithi hizi ili kusahaulisha deni la waalimu anacheza na watu wazima wanaolala njaa. Ila robo saa hii haiombi kusahihisha madaftari usiku, haiombi maksi, haiombi mtihani. Inaomba kukisoma kitabu mara moja kabla ya kuingia darasani, ili mwalimu mwenyewe asijikwae mbele ya watoto.

Kuna jambo lingine ambalo mashariki linaeleweka kuliko mahali pengine. Tangu mapigano yalipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, madarasa mengi yamechanganyika. Kwenye benchi moja anakaa mtoto ambaye hajakosa wiki moja, karibu na mwingine aliyekimbia mara mbili na kupoteza karibu mwaka mzima, na wa tatu aliyefika juzi kutoka kijiji ambacho shule yake haina tena paa. Katika hesabu, wawili hao wako nyuma na wanajua wako nyuma. Katika imla vilevile. Wakati wa hadithi hakuna aliye nyuma. Yule aliyefika juzi anasikia mwanzo pamoja na wengine, anaona picha ileile, na anaweza kuwa wa kwanza kukisia mwisho. Hiyo haimrudishii mwaka aliopoteza, lakini inampa sababu moja ya kurudi kesho.

Linabaki lile kabati la direkta. Katika shule nyingi vitabu vipo. Vililetwa na serikali au na wafadhili, vikahesabiwa, vikapigwa muhuri, vikafungiwa. Direkta anayevifungia si mtu mbaya. Amesaini hati ya kuvipokea, na siku ya ukaguzi ataulizwa kila nakala iko wapi na iko katika hali gani. Kitabu kilichopasuka kinamletea maswali, kitabu kipya kabatini hakimletei lolote. Kwa hiyo kinabaki kipya, panya wasipokifikia. Kitabu kinachosomewa watoto 80 kila siku kitapinda pembe, kitashika alama za vidole vyenye mafuta ya mandazi, na baada ya miaka miwili kitaachana na jalada lake. Rejista za shule zina mstari wa vitabu vilivyopotea na wa vilivyoharibika. Ofisi za elimu zinaweza kuongeza mstari wa tatu, wa vitabu vilivyokwisha kwa kusomwa, na kwenye ukaguzi direkta mwenye vingi katika mstari huo asiulizwe swali, aletewe vingine.